Nyuzi Sitini za Uongo

Sehemu ya Sita

Kama wiki iliyopita hukupata gazeti, pole, lakini hukukosa jambo la kufurahisha. Kwa kifupi: kiwanda chetu cha dawa kimefungwa kwa amri ya mahakama. Kampuni kubwa, ile yenye majengo ya vioo, inadai kwamba vidonge vyetu vya shinikizo la damu tunavikausha kwa njia yao. Njia hiyo wana hataza yake, yaani hati ya serikali inayosema hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitumia. Wafanyakazi mia mbili na zaidi tulirudishwa nyumbani tukiwa bado na kofia za nywele kichwani.

Anayekausha ni mimi. Na nilikuacha pale nilipopigiwa simu nikaambiwa wakili wa kiwanda ananitaka, peke yangu, nisije na mtu.

Nilikwenda nikijua nimekwisha.

Ofisi iko ghorofa ya nne na lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo nilifika nikihema kama niliyefukuzwa tayari. Wakili wetu ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mezani kwake kulikuwa na mafaili manne. Niliyatambua kabla sijakaa, maana mgongoni yana mwandiko wangu.

"Karibu, mama. Chai?"

"Asante, nimeshakunywa."

Nilikuwa sijanywa. Lakini mimi chai ya mtu anayetaka kunifukuza siinywi.

"Wewe ndiye unayeendesha mashine ya kukaushia?"

"Ndiyo. Tangu tuanze kutengeneza dawa hii. Miaka mitatu."

"Unakausha kwa joto gani?"

"Nyuzi sitini."

Jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anavyotaja jina lake. Kiwandani wenzangu wananiita Mama Sitini. Nilidhani ni utani wa kawaida wa kazini, wala sikuwahi kununa.

Wakili akavua miwani, akaiweka juu ya faili.

"Basi tumekwisha," akasema. "Hataza yao inaanzia nyuzi hamsini na tano hadi sitini na tano. Ukikausha ndani ya hapo, umeingia shambani kwao. Ukiwa nje, hawana la kukufanya."

Akafungua faili la kwanza. "Karatasi zaidi ya mia sita, mama. Kila bechi, kila mkupuo wa dawa, na karatasi yake. Zote sitini. Hakuna hamsini na tisa, hakuna sitini na moja. Hata binadamu ukimpima joto asubuhi na jioni hupati namba moja."

"Mashine nzuri," nikasema.

"Juzi nilimpeleka fundi akaiangalie. Anasema ina hita mbili, na moja iliungua zamani. Anasema mashine ile haifiki hata hamsini, hata uipigie magoti."

Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi.

"Mama," akasema, safari hii polepole. "Mimi ni wakili wenu, siyo polisi. Unakausha kwa joto gani?"

"Arobaini na nane."

Msomaji, hapo ndipo nilipomwaga mtama ambao nilikuwa nimeufungia miaka mitatu.

Ilikuwa hivi. Fomu ya bechi ilichapishwa kabla hatujatengeneza hata kidonge kimoja cha dawa ile. Mtaalamu aliyeiandaa alikaa ofisini na kitabu cha mashine, akaandika kile ambacho mashine ilipaswa kufanya. Penye nafasi ya kujaza joto, pembeni yake, kwa herufi ndogo, akachapisha: 60. Wiki ile ile tuliyoanza, hita moja ikaungua. Tukaomba nyingine, tukaambiwa tusubiri. Mpaka leo tunasubiri.

Kwa hiyo nilikausha kwa arobaini na nane, kwa muda wa saa tano badala ya mbili. Nilichota chenga za dawa kwa mkono wenye glovu, nikazifumba kwenye ngumi, nikaufungua mkono. Zikibaki bonge, bado. Zikimwagika kama mchanga mkavu, tayari. Kisha maabara wakapima unyevu, na walikuta kila kitu sawa. Vidonge vile havikuwahi kuwa vibovu. Hilo naliapia mbele ya yeyote.

Kibovu kilikuwa karatasi.

Maana karatasi zilipita kwa mkaguzi. Yeye kazi yake ni kuona kilichojazwa kinalingana na kilichochapishwa. Kisipolingana, anairudisha na neno moja: "Rudia." Hakuwahi kuliandika popote. Alilisema tu, kwa sauti ya chini, huku anakupa fomu mpya. Kiwanda kizima wanamwita Bwana Rudia.

Bwana Rudia ni mume wangu.

Sasa umeelewa kwa nini nilikuwa naangalia viatu. Kila karatasi katika mafaili yale ina sahihi yangu, na chini yake ya mume wangu, kama cheti cha ndoa. Tulizoea. Ukifanya kazi ile unajifunza kuitazama mita kwa ajili ya dawa na kuitazama fomu kwa ajili ya kalamu. Wala hatukuona kama ni uongo. Tuliona ni usafi.

Nilipomaliza kusema, nilitegemea wakili aniitie mlinzi. Badala yake alisimama, akanizunguka, akanikumbatia hapo hapo kwenye kiti.

"Mama, umetuokoa! Hatujawahi kuitumia njia yao hata siku moja!"

Nikacheka. Nakiri nilicheka kwa sauti. Miaka yote ile ya uzembe wa kutonunua hita, kumbe ndio ulikuwa unatukinga.

"Lakini nahitaji karatasi," akasema. "Maneno yako peke yake watayacheka. Watasema nimekufundisha mimi. Hakuna hata karatasi moja yenye namba ya kweli?"

"Hakuna," nikasema.

"Na kuna jambo lazima nikwambie ukiwa umekaa. Ukisimama mahakamani kusema haya, unakiri kwamba ulijaza uongo kwenye kumbukumbu za dawa. Mamlaka ya dawa wanaweza kukushitaki wewe binafsi."

"Na nisiposema?"

"Kiwanda hakitafunguliwa tena."

Nikaaga. Nikashuka ngazi ghorofa moja, mbili. Nilipoianza ya tatu nikageuka. Nikapanda tena, nikabisha hodi.

"Nimekudanganya," nikamwambia. "Karatasi ipo. Moja."

Hii nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote, na sikupenda kuisimulia gazetini. Lakini nikiificha, hakuna nitakachokuwa nimekiri.

Wiki ile hita ilipoungua, tulikuwa wawili kwenye kukausha: mimi zamu ya asubuhi, na zamu ya mchana wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Kazi nilimtafutia mimi. Nilimfundisha mimi jinsi ya kufumba ngumi. Alikuwa mwepesi, mcheshi, anayejua kuigiza mwendo wa kila bosi. Nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu wa tumbo moja.

Siku ya kwanza ya hita mbovu, aliandika arobaini na nane.

Kaka yake akamwambia, "Rudia."

"Nirudie nini, kaka? Mita inasema arobaini na nane."

"Fomu inasema sitini."

"Basi fomu ikakaushe yenyewe."

Nilikuwa nimesimama pale, nikacheka. Mume wangu hakucheka. Akaniita mimi, akanipa fomu mpya yenye namba ile ile ya bechi, nikajaza sitini, nikasaini. Wifi akaikunja fomu yake akaitia mfukoni mwa koti. Akasema kesho yake atakwenda kwa meneja.

Asubuhi mume wangu akaniambia, "Akienda kwa meneja, tumekwenda sisi." Nikaandika maelezo. Niliandika kwamba wifi yangu alilala kwenye mashine na kubuni namba. Mstari mmoja na nusu. Alifukuzwa kabla ya saa sita mchana, akatoka getini ameshika viatu vyake vya kazini mkononi kwa sababu alitakiwa kuvirudisha na hakukuwa na mtu wa kuvipokea.

Hajakanyaga nyumbani kwetu tangu siku hiyo.

Wakili alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbatia tena.

"Nenda kaitafute," akasema.

Nilianzia nyumbani. Tangu kiwanda kifungwe, mume wangu amehamishia ukaguzi jikoni. Kila kopo lina lebo na tarehe. Watoto wanamwonyesha kazi za shule, anawarudishia: rudia. Nilimkuta anapanga vifuniko vya sufuria kwa ukubwa.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nikikaa nisingethubutu.

Uso ulimbadilika. "Umemwambia wakili kwamba mimi nilijua?"

"Nimemwambia. Hata nisingesema, sahihi yako iko pale, baba watoto. Watauliza."

"Unataka tufungwe wote, watoto wabaki na nani?"

"Na kiwanda kisipofunguliwa, watoto wale nini? Na wale wenzetu mia mbili?"

Alikigeuza kifuniko mkononi mara mbili, kama anakikagua. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka mingi. Akanishika bega.

"Sahihi yangu iko chini ya yako," akasema. "Ukisimama, na mimi nitasimama. Nitawaambia nilijua, na nilipitisha kwa sababu maabara ilisema dawa ni nzima. Watatuelewa."

"Kweli?"

"Kweli, mke wangu."

Nililia, msomaji. Nilimwona mume wangu upya, nikajuta kwa kila nilipomsengenya kwa jina lile la Bwana Rudia.

Kwa wifi nilikwenda kesho yake asubuhi. Anaishi chumba cha mbele kwenye nyumba ya kupanga, ameweka cherehani dirishani, anabadilisha zipu na kupunguza suruali za watu. Alikuwa na pini tatu mdomoni. Aliponiona hakuzitoa.

"Shikamoo, wifi," akasema kupitia meno.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Zipu imekatika?"

"Hapana."

"Basi umepotea njia. Wateja wangu huja na nguo."

Nilistahili zaidi ya hapo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, nikamwambia nilichofuata. Kila nilivyozidi kusema, alizidi kukanyaga cherehani kwa kasi, mpaka ikabidi nipaze sauti. Nilipotaja karatasi, akasimamisha mguu.

Akatema pini moja moja kwenye kiganja.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu, wifi, nimetafuta kazi viwanda vyote. Kila ninapokwenda wanapiga simu kwenu kuuliza. Na kwenu wanafungua faili, wanawasomea kwamba mimi nililala kwenye mashine. Mimi! Niliyekuwa nasimama mpaka miguu inavimba! Leo mmefungiwa ndipo mmekumbuka kwamba nilijua kusoma mita?"

"Nilikosa. Sina la kujitetea."

"Hilo neno ungelileta mwaka wa kwanza."

"Nilikuwa naogopa."

"Ulikuwa unaogopa nini? Mimi nina nini cha kuogopwa?"

Nikakaa pale nimeinamisha kichwa, mwanamke mzima. Mteja mmoja akaingia na gauni, akaona hali, akaliweka mlangoni akaondoka kimyakimya.

Wifi akavuta mtoto wa meza ya cherehani, akaondoa vibobini na chaki, akatoa bahasha. Ndani yake karatasi imekunjwa mara nne, imeanza kuwa njano kwenye mikunjo. Namba ya bechi. Tarehe. Muhuri wa ghala wa siku ile. Na penye joto, kwa mwandiko wake wa duara: 48.

Nikanyoosha mkono. Akaurudisha nyuma wake.

"Sikupi. Nitaileta mwenyewe mahakamani, kwa mkono wangu. Na wewe utasema mbele ya watu wote kwamba maelezo yako yalikuwa ya uongo. Kwa sauti, siyo kwa kunong'ona."

"Nitasema."

"Na jambo jingine. Kuhusu kaka, mimi msiniulize. Mnajua aliacha shule ili mimi nisome. Alinivalisha, alinilisha, wazazi wetu hawapo. Nitaionyesha karatasi, nitasema mita ilisomaje, basi. Kaka yangu simtaji."

"Hutahitajika kumtaja," nikamwambia. "Atajisema mwenyewe. Ameniahidi."

Wifi alinitazama kidogo. Kisha akarudisha pini mdomoni.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Watu wa kugonga vidonge, watu wa kupakia, madereva, wapishi wa kantini, wote walikuja na nguo zao nzuri. Waliniona napita, wakanipigia makofi, mtu akapaza sauti, "Mama Sitini, tuokoe!" Mlinzi akawanyamazisha. Mume wangu alikaa safu ya pili, tai imenyooka. Wifi alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Nikaapa. Nikapiga moyo konde, nikasema yote: hita, ngumi, saa tano, fomu. Nikasema kwa sauti, siyo kwa kunong'ona, kwamba niliandika maelezo ya uongo dhidi ya wifi yangu akafukuzwa bila kosa. Ukumbi ukaguna. Nikamwona wifi ameinamisha uso, anajifuta macho kwa ncha ya kidole.

Akaitwa. Akaja na karatasi yake, akasimama kando ya kizimba, mimi bado nimo. Jaji akaigeuza mbele na nyuma, akalinganisha na ile niliyoijaza mimi, namba moja ya bechi, tarehe moja, namba mbili tofauti za joto. Akamuuliza wifi mita ilisomaje.

"Arobaini na nane, Mheshimiwa. Kama nilivyoandika."

"Asante. Unaweza kurudi ukakae."

Wakili wetu alikuwa anajizuia kutabasamu. Nikahisi mzigo unanishuka mabegani. Tumeshinda, nikajiambia. Kumbe nilikuwa sijamwangalia wakili wa wale wenye hataza.

Yeye ni kijana mtanashati, mpole, anayemwita kila mtu mheshimiwa. Akasimama taratibu.

"Mheshimiwa Jaji, tumeridhika. Shahidi anasema hawajatumia njia yetu, na sisi hatubishani naye. Tunaomba jambo moja tu. Maneno yake yaandikwe neno kwa neno, na nakala ipelekwe leo hii kwa mamlaka ya dawa. Maana tumesikia hapa kwamba kiwanda hiki kimejaza kumbukumbu za uongo za dawa kwa miaka mitatu."

Akakaa. Akafunga faili lake kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Ilinichukua muda kuelewa, lakini nilipoelewa nilishika ubao wa kizimba. Hawakuwa na haja ya hataza tena. Kiwanda kisichoaminika karatasi zake kinanyang'anywa leseni, na hakuna wa kukigombania. Wameshindwa mlango wa mbele, wameingia wa nyuma, na aliyewafungulia ni mimi.

Wakili wetu aliruka. "Mheshimiwa! Dawa ilipimwa! Mkaguzi wa ubora alijua joto halisi, na hakupitisha bechi hata moja bila majibu ya maabara. Kilichokosewa ni fomu, siyo dawa. Yupo hapa, ni shahidi wetu wa tatu. Naomba asikilizwe kabla ya uamuzi wowote."

Jaji akafikiri. "Kama mkaguzi alijua na alisimamia, hilo ni jambo jingine," akasema. "Kama hakujua, basi dawa ilikuwa inatengenezwa gizani, na nakala itakwenda leo. Aje."

Nikaambiwa nishuke, lakini nisitoke nje. Mume wangu akapita karibu yangu, tukagusana kiwiko. Nilimnong'oneza, "Sema tu, baba watoto." Aliapa kwa sauti safi.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukikagua karatasi hizi?" wakili wetu akamuuliza.

"Ndiyo."

"Ulijua mashine inakausha kwa nyuzi arobaini na nane?"

Mume wangu akarekebisha tai. Alimwangalia yule wakili kijana, akaangalia mafaili, akaangalia ukuta. Mimi hakuniangalia.

"Hapana," akasema.

Wakili wetu akadhani hakusikia vizuri. "Samahani?"

"Sikujua. Mimi kazi yangu ni karatasi. Mashine sikuwa naigusa. Karatasi zilisema sitini, na aliyezijaza ni mke wangu. Mtu anamwamini mke wake, Mheshimiwa. Leo ndio nasikia, hapa hapa, kama nyinyi."

Nilisimama. Sikuombwa, nilisimama tu.

"Muongo!" nikapiga kelele. "Ulikuwa unatuambia turudie! Kila siku! Ulinishika bega jikoni!"

"Shahidi, kaa chini."

"Mheshimiwa, anadanganya! Anajiokoa peke yake!"

"Kaa chini, mama, au utatolewa nje."

Nikakaa. Ukumbi ulikuwa unavuma. Wale wale walionipigia makofi asubuhi, nilimsikia mmoja wao akisema, "Kumbe ni huyu mwanamke." Mume wangu pale mbele alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anasubiri nimletee karatasi airudishe. Miaka kumi na minne ya ndoa. Nilimchukia mpaka meno yakauma.

Wakili wetu alikuwa amepauka midomo. "Mheshimiwa, naomba dakika moja," akasema, kisha akaniinamia. "Kuna maandishi yake popote? Barua, ujumbe, chochote?"

"Hakuwahi kuandika. Alikuwa anasema tu."

Jaji akasikia. Akaweka kalamu chini.

"Mama, unasema alikuwa akikuambia urudie. Mbali na wewe, kuna mtu mwingine yeyote aliyewahi kumsikia akisema hivyo?"

Nikageuka nyuma.

Kiti cha wifi kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshasimama, mkoba begani, anaelekea mlangoni haraka, kama mtu anayetaka kutoka kabla hajaitwa.

"Wifi," nikasema.

Akasimama. Akamtazama kaka yake kizimbani, na kaka yake akamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona tai ya mume wangu imepinda. Kisha wifi akageuza macho akanitazama mimi, mimi niliyemwandikia uongo akatolewa getini na viatu mkononi.

Mlinzi alikuwa ameshamfungulia mlango. Kilichofuata nitakusimulia wiki ijayo.